Petroli yenye ethanoli: spiriti haina kesi kubwa, kesi ni maji

Gari likianza kukosa nguvu kwenye kona za Mombo kwenda Lushoto, lawama huenda kwenye mafuta kabla boneti haijafunguliwa. Zamani mshtakiwa alikuwa mafuta ya taa. Siku hizi, kama gari limetoka safari ya Malawi au Zimbabwe, utaambiwa limenyweshwa spiriti, na hapo fundi na mwenye gari wote wamepata jibu bila kupima chochote.

Ni kweli nchi hizo huchanganya ethanoli, yaani spiriti, kwenye petroli. Zimbabwe ilianza mwaka 1980 kwa ethanoli ya Triangle, Malawi mwaka 1982 kwa molasi ya miwa ya Dwangwa. Brazili ina mpango wake tangu 1975, na tangu Agosti 2025 petroli yake ya kawaida ina ethanoli asilimia 30. Marekani karibu petroli yote ni E10, India imeshafika E20. Namba hiyo ni ujazo tu: E10 ni lita 10 za ethanoli ndani ya kila lita 100 za mafuta. Ethanoli yenyewe ni pombe ile ile iliyomo kwenye gongo, ila ya kuchomea hukaushwa mpaka maji yasifike hata asilimia moja, kisha hutiwa kitu cha kuifanya isinyweke. Kwa hiyo aliyechanganya kwa kipimo hajachakachua. Aliyemimina gongo kwenye tangi ndiye kachakachua, tena vibaya, maana nusu ya alichomimina au zaidi ni maji.

Tuanze na ulaji, kwa kuwa ndio unaopigiwa kelele. Lita ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, lita ya ethanoli 21. Piga hesabu: lita ya E10 inabaki na megajuli 30.9, pungufu ya asilimia 3 na nukta. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakwenda 11.6. Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350, yaani lita 29 za petroli tupu au lita 30 za E10. Lita moja! Matairi yenye upepo pungufu sana yanaweza kula kiasi hicho hicho. Mtu akikwambia E10 imemmalizia robo ya tangi, mwambie atafute mwizi kwingine. E20 ni habari tofauti kidogo, asilimia 7, na hiyo mfuko wa dereva wa teksi utaihisi mwisho wa wiki. E85 hupunguza zaidi ya robo, na gari ambalo halikuundwa kwa ajili yake usilitie kabisa.

Nguvu ni hesabu nyingine. Ethanoli hubeba oksijeni yake yenyewe, asilimia 35 kwa uzito, hivyo huhitaji hewa kidogo. Kilo moja ya petroli huungua vizuri na kilo 14.7 za hewa, ethanoli na kilo 9, E10 na kilo 14.1. Ukiitia E10 kwenye injini iliyopangiwa petroli tupu, mchanganyiko unakuwa na hewa ya ziada ya asilimia 4 hivi. Gari la nozeli lenye sensa ya oksijeni nzima hulitambua hilo lenyewe: sensa inaona oksijeni nyingi kwenye eksozi, kompyuta inaongeza muda wa nozeli kukaa wazi, dereva hajui kitu. Ukichomeka mashine ya kupimia, marekebisho ya mafuta ya muda mrefu yatakuwa yamepanda kwa asilimia 3 au 4. Ndiyo kawaida yake.

Kesi huanza marekebisho hayo yanapokuwa yalishafika jumlisha asilimia 15 kabla ya safari, kwa sababu ya mpira wa vakyumu uliopasuka, pampu iliyochoka au nozeli zilizoziba. Ethanoli inayasukuma mpaka karibu 20, mlima unamalizia, taa ya cheki injini inawaka na msimbo P0171. Fundi akiona "mafuta yamepungua kwenye mchanganyiko" na akasikia neno Malawi, anafuta msimbo na kukushauri ujaze sheli nyingine. Mwambie kwanza apime mgandamizo wa mafuta. Toyota nyingi za VVT-i zinatakiwa kukaa kati ya psi 44 na 50. Ukiwa chini ya hapo, shida ni pampu au filta, na ingejitokeza tu hata kwa petroli ya jana.

Kuhusu oktani, yaani uwezo wa mafuta kuhimili mgandamizo bila injini kugonga, wanaosifu ethanoli husema kweli nusu. Ethanoli ina oktani ya 108 hivi, na inapogeuka mvuke hunyonya joto zaidi ya mara mbili ya petroli, hivyo hewa inayoingia silinda hupoa na injini haigongi ovyo. Ila kiwanda kinajua hilo pia. Mara nyingi petroli inayotengwa kwa kuchanganywa huwa ya oktani ya chini kwa makusudi, ili ikishatiwa ethanoli ifike pale pale pa kawaida. Kwa hiyo usitegemee nguvu ya ziada. Kumbuka tu kwamba sehemu ya oktani hiyo imebebwa na ethanoli, kwa sababu tutaihitaji huko chini tukifika kwenye maji.

Bodaboda za kabureta hazina kompyuta ya kuzinusuru. Kwa E10 nyingi zitaenda bila kulalamika. Ikichelewa kuitikia resi, ikipasua eksozini unapoachia resi, na plagi ikitoka nyeupe kama chaki badala ya rangi ya biskuti, mchanganyiko una hewa nyingi. Jeti kuu (kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta) ya namba moja juu, mfano 100 kwenda 102, inatosha. Kwenye skrubu ya silensa, ile ya kabureta ya kurekebisha injini ikiwa haijapigwa resi, ndipo vijana wanapokosea. Skrubu iliyokaa upande wa injini hupitisha mchanganyiko, ukiilegeza robo mzunguko unaongeza mafuta. Iliyokaa upande wa filta ya hewa hupitisha hewa, ukiilegeza unaongeza hewa na umezidisha ugonjwa. Tazama iko upande gani kabla ya kugusa bisibisi. Bajaji na pikipiki za India zilizotengenezwa tangu Aprili 2023 zina mipira na vyuma vilivyoandaliwa kwa E20, hizo zisikusumbue akili.

Sasa maji.

Petroli tupu na maji hazipatani. Maji yakiingia tangini yanazama chini na kukaa hapo, machache, yanaonekana kwenye filta. Ethanoli inapenda vyote viwili, petroli na maji, na inaanza kuyameza maji. E10 inaweza kubeba maji ya nusu asilimia hivi kwenye ubaridi wa nyuzi 15, na zaidi kidogo kwenye joto letu. Mpaka hapo hakuna madhara. Kiasi hicho kinaungua pamoja na mafuta na hujui. Tangi la lita 40 maana yake ni mililita 200, hata chupa ndogo ya soda haijai. Ukipita kipimo hicho, ethanoli inaiacha petroli na kwenda na maji. Sehemu kubwa yake. Hapo chini ya tangi hakukai vijiko viwili vya maji bali lita kadhaa za mchanganyiko wa pombe na maji, na pampu inanyonya kutoka chini. Juu inabaki petroli iliyopungukiwa oktani. Injini inakata moto, au inawaka kwa kumisi na kugonga.

Wengi husema unyevu wa bahari ndio unaojaza maji. Kwa gari lenye mfuniko mzima si kweli kihivyo. Hewa inayopumua tangini huleta maji kidogo mno, itachukua miezi mingi kufika kipimo. Maji ya kweli huingia kwa njia za wazi: raba ya mfuniko iliyokatika na gari linalala nje wakati wa masika, madumu yaliyooshwa yakajazwa kabla hayajakauka, na tangi la chini la kituo lililovujisha maji ya mvua. Kituo kinachouza mchanganyiko kinapaswa kupima kwa dawa ya kupaka kwenye fimbo iliyotengenezwa kwa ethanoli, kwa sababu ile ya kawaida inaweza isibadilike rangi vizuri kwenye tabaka la pombe na maji. Wewe unachoweza kufanya ni kitu kimoja chepesi: ukikuta lori linashusha mafuta, pita. Linavyomimina linatibua kila kilichotulia chini.

Kujua kama mafuta yako yana ethanoli hakuhitaji maabara. Tafuta silinda ya kioo yenye alama hadi mililita 100, au chupa nyembamba iliyonyooka uipige alama mwenyewe kwa bomba la sindano la duka la dawa. Tia maji mililita 10 yenye tone la rangi ya keki. Ongeza petroli mililita 90. Ziba, tikisa dakika moja, fungua mvuke utoke, simamisha kivulini dakika kumi. Rangi inabaki kwenye maji, petroli haiichukui, kwa hiyo mstari unauona wazi. Ukibaki kwenye 10, hakuna ethanoli. Ukipanda mpaka 14 au 15 ni E5, kwenye 19 ni E10, kwenye 28 ni E20. Hesabu yake ni kuondoa 10, kugawa kwa 90. Kipimo hiki hakioni mafuta ya taa. Hayo dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, petroli safi ikikauka haiachi doa la mafuta.

Ukishuku maji tangini, chota glasi moja kutoka chini kabisa. Mafuta mazima yanang'aa, unasoma gazeti kupitia glasi. Yakiwa na ukungu kama maji ya mchele, yako ukingoni. Yakiwa na matabaka mawili, yamekwisha. Hapo usidanganywe kuongeza petroli mpya "iyachanganye", wala spiriti ya duka la dawa. Ile ya asilimia 70 ina maji ya asilimia 30, umeongeza mililita 300 kwa kila lita. Tangi linamwagwa lote.

Kumwaga kwenye saluni nyingi za Toyota: fanya mahali pa wazi, mbali na jiko na mtu anayechomelea. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe ili mgandamizo uishe, kisha toa waya wa hasi wa betri. Nyanyua siti ya nyuma, chini yake kuna kifuniko, na chini ya kifuniko kuna pampu. Futa vumbi lote kabla ya kuitoa, vinginevyo linaangukia tangini. Nyonya kwa pampu ya mkono. Kunyonya mpira kwa mdomo kumezoeleka gerejini, na petroli iliyoingia mapafuni inaua, acha. Lita ya mwisho itoe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Badilisha wavu wa pampu na filta, weka gaskit mpya, tia lita 10 za mafuta safi, rudisha fyuzi na waya wa betri, kisha piga stata kwa vipindi vifupi ili mabomba yajae. Itamisi dakika chache, yale yaliyobaki kwenye reli ya nozeli yanamalizika.

Kuna na jambo la mipira. Ethanoli ni msafishaji mkali. Kwenye tangi la miaka ishirini hubandua gamba na kutu iliyojishikia kwa amani zake, vyote vikaenda kwenye filta. Ndiyo maana gari huwa zima tangi la kwanza na kuanza kukosa nguvu mlimani tangi la pili au la tatu. Badilisha filta baada ya tangi la pili, uiache ethanoli imalize kazi yake ya kufagia. Mipira ya zamani na oringi za naitraili za kale hufura kisha kupasuka, gaskit za koki (gome la vizibo vya chupa) hulainika, kabureta za zinki hutoa unga mweupe. Ukinunua mpira mpya wa gari la nozeli, soma maandishi ubavuni: R9 ndio wa mgandamizo. R7 ni wa kabureta, ukiuweka kwenye nozeli utakupasukia juu ya injini yenye moto.

Wanaoendesha Noah wasome hapa mara mbili. Magari yetu mengi yametoka Japani, ambako petroli ya kawaida kisheria haizidi ethanoli asilimia 3. E10 iliruhusiwa mwaka 2012 kwa magari yaliyoidhinishwa tu. Noah na Voxy za AZR60 zina injini ya 1AZ-FSE, ile ya D-4 ambayo nozeli hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda. Uingereza ilipohamia E10 Septemba 2021, Avensis zenye injini hiyo hiyo za kati ya 2000 na 2008 zilikuwa kwenye orodha ya zisizofaa. GDI za Mitsubishi, zenye mfumo kama huo, nazo zimo. Tangi moja la dharura safarini haliui, lakini pampu ya mgandamizo mkubwa si kitu cha kukifanyia majaribio ya kila wiki. Noah ya zamani yenye 3S-FE haimo kwenye kundi hilo la D-4, ila mipira yake ina umri wa kuoa.

Moshi je? Kwenye pikipiki na magari ya kabureta, oksijeni iliyomo kwenye ethanoli hupunguza kaboni monoksaidi na petroli isiyoungua, na hilo ni jema kwa anayeshinda stendi. Benzini nayo hupungua, kwa kuwa oktani haitafutwi tena kwenye kemikali za aina hiyo. Upande wa pili, asetaldehaidi huongezeka, na oksaidi za naitrojeni zinaweza kupanda kidogo injini ikienda na hewa nyingi. Kwenye gari lenye sensa na masega mazima (kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi), tofauti zote hizi ni ndogo. Lenye masega yaliyokatwa kwa ajili ya kuuzwa lisizungumziwe kabisa, hakuna mafuta yatakayoliosha.

Kinachosahaulika ni mvuke. Ethanoli ya asilimia 5 hadi 10 huifanya petroli ipae kirahisi zaidi, mgandamizo wa mvuke unapanda kama kilopaskali 7. Gari linaloshinda juani kutwa nzima hutoa harufu hata likiwa limezimwa. Lina kopo la mkaa la kuunasa mvuke huo, na kopo likipasuka au mpira wake ukichomoka mafundi huliziba wakisema halina kazi. Kazi yake ndiyo hiyo. Usijaze tangi mpaka shingoni baada ya bomba kukata, petroli huingia kwenye kopo na kuliua.

Hewa ukaa inayotoka eksozini haipungui kihivyo: gramu 73 kwa kila megajuli ya petroli, 71 kwa ethanoli. Faida yote iko shambani, kwamba muwa unaokua unaivuta tena hewa hiyo. Ikitoka kwenye molasi, ambayo ni mabaki ya sukari, tani moja hutoa lita 250 hivi na hakuna ardhi mpya iliyofyekwa. Ikitoka kwenye msitu uliokatwa kupanda miwa, hesabu inageuka. Bagamoyo waliligusa hili: kampuni ya Uswidi, SEKAB, ilipanga miwa ya ethanoli kwenye ardhi ya iliyokuwa ranchi ya Razaba. Haikufika kwenye tangi la mtu, na leo miwa ya Makurunge, huko huko Bagamoyo, inatengeneza sukari.

Wanaoumia kuliko wote maji yakiingia ni wavuvi wa Deep Sea na Sahare, Tanga, wenye injini za boti za viharusi viwili (two-stroke), kwa sababu oili imo ndani ya petroli. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili kwa lita 5. Mafuta yakitengana, oili inabaki juu na petroli, na tabaka la chini linaloingia kwenye injini halina oili. Pistoni inakwama katikati ya maji, ng'ambo huko. Kwa hiyo skrubu ya hewa ya mfuniko wa tangi ifungwe boti ikilala ufukweni, mafuta yachanganywe ya safari hiyo tu, na kati ya tangi na injini kuwe na filta ya kutenga maji ya maikroni 10, yenye kikombe cha kuonea chini. Kikombe kitazamwe kila asubuhi kabla ya kuvuta kamba. Kikiwa na kitu kisicho na rangi ya oili, kimwagwe kwenye dumu la mafuta machafu, si baharini, na tangi likaguliwe kwa glasi kabla ya kutoka.